Siku Halidi Alipokwama Kinole

"Mamdogo, ungemwambia mapema ungepungukiwa nini?"

Mwanvita alikuwa anamenya viazi uani kwake Bigwa. Aliyeuliza ni Yasmin, mtoto wa dada yake, darasa la tano, umri wa kuuliza kila kitu. Mwanvita akamwambia, "Kalete maji," na swali likabaki hapo hapo kwa miaka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanvita, mzaliwa wa Kinole, milimani Uluguru, alifundisha sekondari kabla ya kwenda kusomea udaktari. Siyo ule wa sindano, ni wa kusanifu masomo na teknolojia ya kufundishia. Ndugu zake walishachoka kuuliza maana yake. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa darasani, na kazi kubwa ilikuwa kutunga masomo ya kusikiliza kwenye simu, kisha kuyajaribu kwa watu wenyewe. Wakapangwa wawili wawili. Yeye akaangukia kwa Halidi, kijana mtanashati aliyekulia Dar, mdomo asali tupu.

Mwanvita akawachagua wakulima wa mdalasini wa Kinole: namna ya kubandua gome bila kuua mti. Kila Jumamosi alipanda mlimani, akawasikiliza kina mama, akatunga, akafuta, akatunga tena. Halidi alikuwa anatuma dole gumba kwenye WhatsApp.

Halafu mama yake Mwanvita akafariki. Mwenzake akiwa matangani, Halidi akasimama mbele ya Dokta Magreth, mhadhiri wao, akaiwasilisha kazi yote kama yake.

"Mwanvita alinisaidia kutafsiri," alisema.

Mwanvita aliporudi akakuta Halidi anapongezwa, yeye kaambiwa atarudia somo. Akaenda kulalamika. Dokta Magreth akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwenye majaribio kule kijijini nitauliza kwa nini kitu kilipangwa hivi na si vile. Mwenye kazi nitamjua huko huko."

Mwanvita hakulia. Aliichochea hasira yake taratibu, kama mtu anayepika kitu asichotaka kiungue.

Halidi naye, ili kazi ionekane yake, akaichezea. Sauti ya mama wa kijijini aliyesimulia akaifuta, akaweka yake. Palipokuwa na mjomba anayetoa ruhusa mti ubanduliwe, akaweka baba anayewagawia wanawe miti. Siku moja kabla ya safari ya Kinole akampigia Mwanvita, akamchezea yote simuni.

"Dada, wewe ndiye mwenyeji. Kuna mahali nimekosea?"

Hebu fikiria! Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba ni mgeni tu kwenye shamba la mkewe, na neno la shamba ni la mjomba. Hata mtoto wa chekechea Kinole analijua hilo. Moyo wa Mwanvita ukadunda kwa raha.

"Hamna, kaka. Iko freshi. Usiguse kitu."

Kesho yake kina mama walijaa kwenye ofisi ya kijiji, wengine na visu vyao vya kubandulia. Walikuwa wameyasubiri masomo hayo tangu masika, maana midalasini yao ilikuwa inawafia. Halidi akawasha spika. Baba akaanza kugawa miti.

Mzee Mwinjuma, mjomba mkubwa wa ukoo, akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Huyo baba miti kaitoa wapi?"

"Ni yake, mzee. Eh, shikamoo."

"Marahaba. Yake vipi? Si kaoa tu hapo?"

"Basi mwizi huyo!" mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Mmetuletea mwizi atufundishe!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Dokta Magreth peke yake hakucheka.

"Halidi, kwa nini ulimweka baba?"

"Yeye ni... ni kiongozi wa familia, Dokta."

"Na hapa katikati ya kila somo pana kimya kirefu. Cha nini?"

Kimya kile Mwanvita alikiweka ili msikilizaji azime simu, akaombe ruhusa kwa mjomba, ndipo aendelee. Halidi alikuwa ameyafuta maneno ya kumtuma kwa mjomba, kimya akakisahau. Jasho likamtiririka. Akageuka, macho yanaomba.

"Dada Mwanvita atafafanua."

"Mimi?" Mwanvita akatabasamu kwa upole mno. "Mimi mkalimani tu, kaka. Endelea."

Akamwacha asimame pale. Akamwacha mpaka midomo ikamkauka, mpaka kina mama wenyewe wakaacha kucheka. Ndipo Dokta Magreth alipomgeukia yeye, naye akaeleza kila kitu bila kukwama. Kazi ikarudi kwenye jina lake. Halidi akafutiwa somo, na kabla mwaka haujaisha akahama chuo.

Lakini Mzee Mwinjuma alikuwa ameshanyanyuka. Watu wasiojua shamba ni la nani wasirudi, alisema, na Mwanvita alipokwenda kumbembeleza hakubadilisha neno. Majaribio yakahamishiwa Gairo, kwa wakulima wa karanga. Kinole wakaendelea kubandua vibaya, na midalasini ikaendelea kukauka, hata ile aliyoipanda marehemu mama yake.

Mwaka huu Mwanvita amevaa joho. Wiki ile ile akapanda Kinole kuzuru kaburi, na Yasmin, sasa yuko kidato cha tatu, akafuatana naye. Wakasimama kwenye ile miti mikavu. Yasmin akalirudia swali lake: angemwambia Halidi mapema angepungukiwa nini?

Mwanvita akalishika tawi moja, likakatika mkononi.

"Ningepungukiwa na sura yake siku ile," akasema. "Miti hii naihuzunikia, mwanangu, Mungu ananiona. Lakini ile sura bado naitazama kila nikilala, na usingizi unakuja vizuri tu."