Mkia wa Shirafuji

Katika nyumba ya Masuo Yasuoka, pale kijijini Shinohara, aliyekuwa na jina ni jogoo. Jogoo aliitwa Shirafuji. Mke aliitwa "wee".

Wee, mboga ziko wapi? Wee, lete maji ya vuguvugu. Kila alfajiri mke huyo, Misao, alikatakata majani, akayachanganya na pumba za mchele na dagaa waliopondwa. Lakini aliyelisha alikuwa Masuo. Alifungua sanduku refu jembamba lililosimama ukumbini mithili ya kabati, na huko juu gizani, kwenye kijiti chake, Shirafuji akainamisha shingo nyeupe ale kiganjani. Mkia ulishuka kutoka kijitini hadi sakafuni, ukajikunja, ukaendelea. Majogoo wa kwingine hupukutisha manyoya kila mwaka. Wa Shinohara mkia wao hukua tu, mradi wakae kwa utulivu na wasishtuliwe.

"Umelala salama, bwana mkubwa?" Masuo alimuuliza.

Misao alisimama nyuma na bakuli, akingoja naye aulizwe.

Jogoo asiponyoosha miguu hudhoofika, kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa alitolewa kutembezwa juu ya tuta la mpunga. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anamwongoza ndege, mwingine anafuata nyuma amebeba mkia. Mwaka wa kwanza wa ndoa Misao aliijaribu. "Mikono yako mizito," Masuo alimwambia. "Unakamata kama mtu anayeiba." Kazi akapewa Kinue, mjane wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alipotelea baharini na mashua ya jodari.

Misao alitoka Ino, kwa watengeneza karatasi. Tangu utotoni mikono yake ilikuwa kwenye maji baridi, imeshikilia chekeche lenye uji wa karatasi. Aliyeponyokwa na chekeche alizabwa kofi. Kule neno la kwanza la kazi ni "Shika!" Huku Shinohara ni "Achia!" Ndege akiruka, achia papo hapo, hata mkia uangukie topeni. Tope huoshwa.

Asubuhi moja ya vuli, maonyesho ya majogoo ya mjini Kochi yakiwa yamekaribia, Misao akiwa jikoni aliwasikia Masuo na Kinue wakimtembeza jogoo.

"Shemeji, punguza mwendo! Bibi harusi wako anataka aonekane."

"Mwache aonekane. Wewe beba shela, mama mkwe."

"Mama mkwe bibi yako! Na huyu ukimwoa, yule wa jikoni utampeleka wapi?"

Masuo akacheka. Kicheko kile Misao hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba. Alitazama mchele aliokuwa akiuosha, akaona anauponda.

Mchana Masuo alipokwenda shambani, Misao alifungua sanduku. Hakutaka kudhuru kitu. Alitaka kujua tu Kinue huwa amebeba nini. Akauzungusha mkia kwenye mkono wake, kama alivyomwona Kinue akifanya. Ulikuwa wa baridi, mwepesi kuliko alivyowaza, na hapo hapo akaona wivu: kumbe ni kitu kizuri hivi!

Shirafuji akaona sura ngeni mlangoni pake, akaruka.

Mikono ya Misao ikashika.

Unyoya mmoja, ule mrefu kuliko yote, ulibaki naye, na tone la damu kwenye shina lake. Aliukunja pamoja na mengine chini mle sandukuni, akafunga mlango, akanawa mikono.

Kesho yake Masuo aliuona. Hakupiga kelele. Alipiga magoti pale ukumbini, unyoya mapajani, mpaka Kinue alipoingia.

"Jana kwenye tuta alishtuka," Masuo alisema. "Hukuachia."

"Mimi? Shemeji, mimi kuachia ndiyo kazi niliyofundishwa na bahari. Kama kuna mtu kijijini hapa anayejua kuachia, ni mimi."

"Nani mwingine amemgusa?"

Kinue alimgeukia Misao, akaitazama mikono yake. Misao akaificha ndani ya aproni. Angeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Haya," Kinue akasema taratibu. Akavaa kandambili zake na kuondoka.

Maonyesho yalipita bila Shirafuji. Baada ya hapo Masuo akasema, "Wee, njoo ushike."

Misao alibeba mkia. Alichokiona njia nzima ni mgongo wa Masuo, na kiraka alichokishona mwenyewe. Masuo alizungumza na jogoo.

"Leo kuna jua," Misao alijaribu.

"Mm."

Wakapita uani kwa Kinue. Alikuwa akianika nguo, na hakugeuka. Misao alitafuta neno lolote la kuchekesha, akalikosa. Kumbe kile kicheko alikuwa akikitoa Kinue mfukoni mwake mwenyewe kila siku.

Mbwa akabweka. Shirafuji akaruka, na safari hii mikono ya Misao ikafunguka. Mkia mzima ukalala topeni.

Masuo aligeuka. Akautazama mkia, akatazama ile mikono iliyo wazi.

"Vizuri, Misao," alisema.

Misao aliinama kuuokota, na uso wake haukuinuka haraka. Ng'ambo ya ua Kinue alikuwa amemaliza kuanika, ameingia ndani.