Kilichopangwa Rafuni Kinauzwa

Chekeni, mkichoka mtanyamaza. Mimi nanunua mikoba ya jumla hapa Guangzhou, na najua kilichopangwa rafuni kinauzwa. Kosa langu liko wapi?

Jumapili mimi na shoga yangu Zuhura tulikwenda kutembea kwenye hekalu la kale la Wabudha. Kwenye chumba cha nyuma nikakuta vibao vyekundu vya maandishi ya dhahabu, vimepangwa rafuni mpaka darini. Nikachukua kimoja, nikakigonga kwa kucha nijue ni mbao au plastiki.

"Rudisha, shoga," Zuhura akaninong'oneza. "Watu humu wanaomba."

"Wanaomba wateja," nikamjibu.

Pembeni alisimama bibi mmoja wa Kichina, kanikazia macho. Nikamwita "Laoban!", yaani bosi, kama tunavyowaita sokoni. Nikaiambia simu yangu imtafsirie: nikichukua katoni nzima, atanipunguzia?

Bibi akasikiliza, akaisogelea simu, akaijibu taratibu. Sasa, simu yangu huwa naifungulia sauti yote kwa sababu ya kelele za sokoni. Ikatangaza kwa Kiswahili safi, hekalu zima likageuka:

"Hayo ni majina ya marehemu wetu. Dada, naomba unirudishie mume wangu."