Dakika Kumi na Tatu za Saumu

Mtu akiniambia kitu kimeboreshwa, mimi huuliza kwanza: kimeboreshwa kwa ajili ya nani? Watu hudhani nina roho mbaya. Huenda. Lakini roho hii nina sababu nayo.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikifanya kazi katika duka la chapa na fotokopi, Mkunazini. Tulikuwa na kompyuta moja iliyovuma kama friji bovu, na aliyeijua vizuri nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na majivuno, sikufichi.

Mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo, kwa hivyo hata nilipokuwa mtu mzima nilimwita Maalim. Kila Ramadhani alikuwa akipanda ngazi mpaka juu ya paa la msikiti, analiangalia jua kwa macho yake, na likishazama ndipo anashuka kuadhini. Magoti yalipoanza kumsumbua, nikaona hapa pana kazi yangu.

Nikaunda jedwali la saa za magharibi. Nililijenga ndani ya programu ya hesabu iliyotengenezwa ng'ambo na watu nisiowajua wala wasionijua. Programu yao, hesabu yangu. Ukiiandikia tarehe, inakupa saa ya jua kuzama Unguja, na nikaifunza kupunguza saa sita ili itoe saa zetu, kumi na mbili na dakika kadhaa, si kumi na nane ya watu wa uwanja wa ndege. Ramadhani nzima Maalim aliifanyia mtihani, karatasi mkono mmoja na saa mkono wa pili, juu ya paa. Siku ya Idi akanambia, "Haya, mwanangu, ngazi nshaiacha. Mie sasa nnakwenda kwa karatasi yako."

Maneno yale niliyabeba miaka minne kama zawadi. Karatasi zangu zikawa zinabandikwa madukani, nyingine zinachukuliwa na watu wa Jambiani, Matemwe na Fumba.

Kisha likaja toleo jipya la programu ile. Siku hizi wanaita sasisho na linaingia lenyewe bila hodi. Wakati ule lilikuja kwenye kisahani cha kompyuta, na tajiri wangu alilileta kwa furaha kwa sababu printa mpya haikukubali kufanya kazi bila hilo. Nikalitia. Likaniuliza kama nataka majedwali yangu ya zamani yageuzwe yawe ya kisasa. Nikajibu ndiyo. Nani asiyetaka kuwa wa kisasa? Diski za toleo la zamani nikazifuta, nikatia kadi za harusi.

Mwaka huo Ramadhani iliandama mwishoni mwa Novemba na ikala karibu Desemba yote. Kabla ya kuchapa nilifanya ukaguzi wangu wa kila mwaka: nikatazama siku ya kwanza, nikatazama siku ya mwisho. Zote mbili sawasawa. Nikachapa.

Desemba ilipoingia, msikiti wetu ukaanza kuchelewa. Misikiti mingine imeshaadhini, sisi tumekaa na tende mkononi. Mama yangu, ambaye alikuwa na maradhi ya sukari na mwaka ule alimbembeleza daktari wake ampe ruhusa ya kufunga siku moja moja, alikuwa akinung'unika, "Maalim wako leo kalala?" Nilicheka. Kuchelewa si dhambi, nilisema, ni uvivu tu. Wala sikuitazama karatasi, maana karatasi ilikuwa yangu.

Tarehe tano mvua ya vuli ilishuka tangu alasiri. Mbingu ilikuwa jivu tupu, vichochoro vyote giza, huwezi kujua jua liko wapi. Mama alikuwa amefunga siku ile. Adhana ya msikiti wetu ikatoka ya mwanzo kuliko zote, mtaa mzima ukafurahi. Nilisikia jirani akisema dirishani, "Leo wameamka!" Mama akatia tende mdomoni, akanywa maji, akafumba macho kwa raha. Mimi nilikuwa nshakula tende ya pili.

Mara wingu likapasuka. Mwanga wa jua, mwekundu, hai, ukapiga ukuta wa juu wa nyumba iliyotukabili.

Mama akaacha kutafuna. Aliuangalia ukuta, akaniangalia mimi. Tukakaa hivyo, bilauri ya maji mkononi mwake, mpaka mwanga ukapanda, ukafifia, na misikiti mingine ikaanza kuadhini mmoja baada ya mmoja. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Tende ilikuwa imeshashuka, na hakuna programu ya kuirudisha.

Nilijitupia buibui nikakimbilia msikitini. Sikuweza kuingia, nilisimama mlango wa pembeni wa kutawadhia nikaita, "Maalim!"

"Naam."

Alitoka na karatasi yangu mkononi. Ilisema kumi na mbili na robo. Nilimwambia jua lilikuwa bado lipo. "Nnajua," alisema. "Nimeliona kupitia dirisha la upande wa magharibi, nshamaliza kuadhini. Wewe umekula?"

"Nimekula. Na mama kala."

"Na mie nimekula." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu. "Basi sote tutalipa. Rudi nyumbani, mwanangu, unatota."

Sikufika hata kizingiti chetu, kipaza sauti kikasema. Sauti yake, ileile iliyonifundisha alifu kwa kijiti. Aliwaambia watu wa mtaa kwamba jua halikuwa limezama, kwamba kila aliyefuturu kwa adhana ile ana siku moja ya kulipa, na kwamba kosa ni lake, mwadhini, wamsamehe. Ya karatasi hakuyataja.

Nilisimama kwenye mvua. Nilipaswa kurudi. Sikurudi.

Asubuhi nilifungua kompyuta na nikaliona kosa kwa nusu saa. Toleo jipya lilifuata desturi ya nchini kwao, ambako mwezi hutangulia siku. Tarehe tano mwezi wa kumi na mbili lilikuwa limeisoma kuwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, likanipa magharibi ya Mei, dakika kumi na tatu kabla ya jua kuzama. Tarehe za mwanzo wa Desemba lilizisoma Januari, Februari na Machi, ndiyo maana tulikuwa tukichelewa. Ilipofika tarehe kumi na tatu halikuweza tena, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, likazisoma vilevile zilivyo. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza na ya mwisho zilitoka safi. Uongo ulikuwa katikati.

Kuliona kosa na kutoka ndani yake ni mambo mawili. Toleo la zamani nilikuwa nimelizika chini ya kadi za harusi, na hata ningelipata, majedwali yaliyogeuzwa lisingeyafungua. Bila toleo jipya printa haichapi. Nikaenda duka la intaneti Shangani, nikawaandikia wenye programu kwa Kiingereza changu bora. Siku ya tatu wakanijibu kwa adabu kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na kwamba kwa matatizo ya majedwali yaliyoundwa na watu wengine, niwasiliane na mtengenezaji wa jedwali.

Mtengenezaji wa jedwali ni mimi. Nilicheka mle dukani mpaka watu wakageuka, kisha nikashindwa kuacha kulia.

Nilizunguka mtaani na kalamu, nikisahihisha karatasi moja moja ukutani. "Printa imekosea," niliwaambia wenye maduka. Watu wa Fumba hawakudhurika, wao jua wanaliona likitumbukia baharini. Walinitumia salamu kwamba karatasi yangu wamefungia vitumbua. Lakini mtaani kwetu Maalim alishapewa jina. Bwana Mapema. Wanaume barazani walimtania akipita: "Maalim, magharibi tayari?" na ilikuwa saa tano asubuhi. Alicheka nao. Jioni alipanda ngazi, mkono ukutani, goti moja moja, na hakuiomba karatasi tena.

Mama alinambia, "Utanyamaza mpaka lini?" Nilimwambia, nikishatengeneza kila kitu, nitasema.

Kutengeneza nilitengeneza. Nilizigeuza tarehe zangu zote, mwezi mbele, siku nyuma, kama wanavyotaka wao. Baada ya miezi mitano kikaja kisahani kingine chenye toleo la masahihisho, na karatasi yenye mstari mmoja: tatizo dogo la tarehe limeondolewa. Nikalitia. Likazisoma tarehe zangu kwa desturi yetu ya zamani, na kila tarehe isiyozidi kumi na mbili ikapinduka tena. Safari hii nilianza kuzikagua siku zote thelathini, na nilipofika ya ishirini nikaizima kompyuta kwa waya.

Wakati huo mama alikuwa ameshafariki. Siku yake moja hakuwahi kuilipa, kwa hiyo nikaifunga mimi, Jumatatu ya kawaida, baada ya kulipa yangu. Nilikaa pahala pake dirishani na tende mkononi. Maalim alichelewa. Nilijua yuko juu ya paa, na magoti yake, analisubiri jua kwa ajili yangu. Nikafuturu kwa adhana yake, na bado sikwenda kumwambia mtu.

Aliishi miaka mingine saba. Alizikwa baada ya alasiri, na njiani kurudi kutoka makaburini, nilihadithiwa, wanaume walimkumbuka kwa mapenzi na kicheko: Bwana Mapema, aliyetufuturisha na jua lipo.

Hakuwa yeye. Ile karatasi ilikuwa yangu, na alikufa nayo mfukoni.