Nailoni ya Kiti cha Mbele

Hadi leo nikipita mahali wanapoosha magari, nikanusa viti vilivyolowa sabuni vikianza kukauka juani, husimama. Wengine husema hiyo ni harufu ya usafi. Mimi hunirudisha kwenye gari la Shangazi Mkawasi, na ile siku niliyoamini kwamba amemleta baba nyumbani akiwa maiti, tena maiti aliyekaa.

Tuliishi Kaloleni, mjini Voi, watu watatu tu: baba, dada yake Mkawasi, na mimi. Mama alikuwa ameolewa kwingine. Shangazi alikuwa na steshenwagoni kuukuu ya kubebea kabichi na nyanya kutoka milimani. Viti vyake vya nyuma vilikunjika, kwa hivyo watu wa kanisa letu wakifiwa walimjia yeye, naye hakujua kukataa. Jeneza liliingia kwa nyuma, likapelekwa Makwasinyi, Mwatate, popote palipokuwa kwao marehemu. Kesho yake gari lilibeba kabichi. Kama wateja walijua au hawakujua, msiniulize mimi.

Akitoka safari hizo, gari halikuingiwa na mtu mpaka lisafishwe, na msaidizi wake nilikuwa mimi, kwa sababu mikono yangu ilipita chini ya viti. Tulifungua milango yote. Vumbi jekundu tulilitoa kwenye matundu ya dashibodi kwa unyoya wa kuku. Viti tulivisugua kwa maji vuguvugu na sabuni ya unga, tukavipangusa upesi kabla maji hayajazama kwenye sponji. Mwisho alipaka dashibodi glisirini kidogo kwa kitambaa, jua la Voi lisije likaipasua. Halafu kulikuwa na nailoni, ile nzito inayoonyesha, aliyoitandika chini ya jeneza. Ilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni na haikuwa na kazi nyingine, ila kipande kimoja alichokikata akaniwekea juu ya godoro langu, maana nilikojoa kitandani hadi darasa la tatu. Mnaweza kucheka, hata yeye alicheka.

Kazi hiyo ilifanywa kimya. "Gari likioshwa, mdomo unapumzika," alikuwa akisema. Tukimaliza aliuacha mlango wa nyuma wazi, akasimama kando yake na kusema polepole, kama mtu anayemuaga mgeni: "Umefika. Kaa kwenu." Kisha aliufunga. Siku moja nilikuta alama ya paji la uso kwenye kioo cha nyuma, upande wa ndani, ya jasho na mafuta. Nilimwonyesha Shangazi, akaipangusa. Siku hizi najua ni mfiwa aliyekaa kando ya jeneza akaegemeza kichwa chake pale. Wakati ule nilijua tu kwamba aliyesafiri nyuma alikuwa amelala ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari.

Nikiwa darasa la nne, baba, ambaye alikuwa mwashi, alianguka kutoka juu ya ukuta akaumia mgongo. Alilazwa kwa muda mrefu, na watoto hatukuruhusiwa wodini. Shangazi alikwenda kwa miguu kumwona kila siku, na kila siku nilipomuuliza alinijibu neno moja tu, "Yuko." Sikujua yuko vipi, na uso wake haukunikaribisha kuuliza zaidi.

Basi adhuhuri moja ya likizo, jua limesimama na mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, nilitoka dukani na sukari nikakuta milango yote ya gari iko wazi. Tulikuwa tumeshalisafisha na halikuwa limekwenda popote. Hakuna aliyefiwa kanisani, ningesikia. Lakini Shangazi alikuwa ameinama ndani akisugua. Kisha akaingia jikoni, akatoka na ile nailoni. Hakuipeleka nyuma. Aliitandika kwenye kiti cha mbele, kile cha kando ya dereva, akaanza kuipindia pembeni kwa uangalifu, na juu yake akaweka leso.

Nilishindwa kunyamaza. "Shangazi, unaenda kumchukua nani?"

"Babako. Hebu nishikie hapo kwa pembe, hiyo nailoni isionekane."

Nikashika. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuthubutu kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeishika nailoni. Kazi ya nailoni ile niliijua. Kilichonigandisha ni kiti chenyewe. Wafu walilala nyuma, na huyu wangu alikuwa anaandaliwa kukaa.

Hospitali si mbali na kwetu, lakini nilikaa verandani mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Hatimaye gari likatokea mwisho wa njia. Niliona vichwa viwili, cha Shangazi na kingine kilichonyooka wima, kisichogeuka huku wala huku. Halikukata kona. Lilipita. Baada ya muda likapita tena, polepole, vioo vimepandishwa juu na joto lote lile. Nikatoka verandani nikajificha nyuma ya tangi la maji, na kutoka pale nikaliona likipita mara nyingine, kama lililosahau nyumba.

Lilipoingia uani, jua lilikuwa limeshainamia milima. Baba alikuwa amekaa, leso nyingine imemfunika hadi kifuani, rangi yake ya jivu. Alikuwa anaukodolea macho ukuta uliokuwa mbele yake. "Wakesho," akaita, kwa sauti kavu nisiyoijua. Sikutoka. Shangazi na jirani walimshusha, wakamwingiza ndani kwa kumshika kwapa. Kisha Shangazi akarudi peke yake, akafungua milango yote, akasugua kile kiti, akasimama kando ya mlango wa mbele na kusema, "Umefika. Kaa kwenu."

Hapo sikuwa na shaka tena. Baba alikuwa amekufa, ila hakuna aliyemwambia.

Siku zilizofuata nilimwekea uji kizingitini nikakimbia. Usiku nilimsikia akikoroma. Nikajiambia maiti hawakoromi, kisha nikajijibu kwamba sijawahi kulala nyumba moja na maiti, nitajuaje. Mwanzoni aliniita kila asubuhi. Baadaye aliacha kuniita, nami nikafurahi.

Ikafika siku ya kumrudisha kliniki. Waliporudi, Shangazi alimshika mkono kumpeleka ndani, akaniambia akigeuza kichwa tu, "Anza na kiti cha mbele." Niliinua leso. Ilikuwa imelowa, tena ilikuwa na joto, na harufu iliyonipanda puani niliijua kuliko mtu yeyote nyumbani mle. Nikainua nailoni. Kiti chini yake kilikuwa kikavu kabisa. Nikasimama pale na ile leso mkononi, nikihisi joto lake likiniingia vidoleni, na woga wote ukanitoka nikabaki na aibu. Nilipotazama juu, baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshikwa mkono na dada yake, ananitazama. Akainamisha macho chini.

Niliiloweka leso, nikasugua kiti, nikapangusa. Kisha nikaingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza, nikakaa kitandani kando ya miguu yake. Chini ya shuka kitu kikalia kwa mchakacho nilioufahamu.

"Kwani na yako inapiga kelele?" nikamuuliza.

Baba alicheka hadi Shangazi akaja mbio akidhani amezidiwa.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akitembea kwa fimbo na kunitania kuhusu uji wa kizingitini. Sikuwahi kumuuliza kuhusu gari kupitapita siku ile, niliona ni mambo ya kitoto. Tulipokwisha kumzika ndipo Shangazi aliponiambia. Walipofika mwisho wa njia, baba aliniona verandani. Nailoni ilikuwa imeshafanya kazi yake. Akamwambia, "Zunguka, Mkawasi. Mtoto asinione nimelowa." Wakazunguka mji, vioo juu ili harufu isiwafikie watu, na kila waliporudi alikuwa anaomba wazunguke tena, mpaka petroli ikakaribia kuisha na Shangazi akakata kona bila kumuuliza.

"Alikuwa anakuogopa wewe," Shangazi akasema.

Nami nilikuwa nyuma ya tangi, nimefumba macho, namwomba Mungu wapite.