Kapteni Niliyemuua Kule Kaagya

Mtanicheka, najua. Chekeni tu, lakini mkimaliza mjue kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, nikiwa sijaonja hata tone la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wanaosema mizuka hutoka usiku tu waje niwaeleze.

Kuna gazeti la katuni linaitwa Kesho Kutwa. Linatoka kila Ijumaa, limejaa hadithi za vyombo vya angani, roboti na watu wanaoishi Mirihi, na kila hadithi inakatwa pale pale patamu ili ununue tena wiki ijayo. Shangazi yangu Paskazia, mkulima wa kahawa wa Kaagya, hakuwahi kuona hata ndege kwa karibu, lakini gazeti hilo alilipenda kuliko nyama. Macho yalikuwa yameanza kumwishia, maandishi na picha haoni tena. Basi kila Ijumaa natoka kwangu Kitendaguro, Bukoba mjini, na pikipiki yangu, nampelekea toleo jipya, namsomea kwa sauti na kumweleza picha moja moja.

Kipenzi chake alikuwa Kapteni Sikitu, rubani mama mtu mzima, anayebeba wagonjwa kutoka sayari hadi sayari kwa chombo kilichochakaa. Na maswali sasa! "Huko Mirihi ndizi zinaiva?" "Huyu Sikitu amekula lakini?" Hadithi ya nusu saa ikawa inachukua saa mbili.

Ijumaa moja kulikuwa na mpira mjini. Nilipofika ukurasa wa tatu nikafunga gazeti, nikasema chombo kimelipuka, Kapteni amekufa, hadithi imeisha. Uongo mtupu. Kwenye picha Kapteni alikuwa anakunywa chai.

Unajua Shangazi alifanya nini? Aliweka jembe chini. Kwetu kukiwa na msiba hatulimi, na yeye hakulima siku nne. Majirani walipomwona amekaa barazani na kanga kichwani wakaja na ndizi zao kumpa pole, wakauliza nani amefariki. "Ni Sikitu," akawajibu, "mwana wa watu, amefia mbali." Wakalia naye, na hakuna aliyeuliza Sikitu ni wa ukoo gani. Mimi nilipopata habari niliona aibu. Nikajiambia Ijumaa ijayo nitamfufua.

Kabla ya Ijumaa hiyo Shangazi akafariki usingizini. Tulimzika kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani kwake, kati ya migomba. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba aliondoka akiwa kwenye msiba niliomtungia mimi.

Sasa sikiliza. Miezi miwili baadaye nilikuwa Kaagya kuangalia kahawa yake, mvua ikanikuta njiani. Nikajikinga kwenye kibanda cha kupimia kahawa, mkabala na duka la rafiki yangu Projest. Nikatoa toleo jipya nisome. Kugeuka, pembeni yangu kwenye benchi amekaa mama amejifunika kitenge mpaka puani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Hiyo kwetu haikataliwi. Nikatafuna.

"Soma kwa sauti, mwanangu," akasema. "Macho yangu mabovu."

Nikasoma. Nilipofika mahali Kapteni Sikitu anatua mwezini na mama mjamzito, akanishika mkono. Vidole vilikuwa baridi kama chupa ya soda.

"Huyu si ulisema amekufa?"

Jamani! Hadithi ya kifo cha Sikitu nilimwambia mtu mmoja tu, na jeneza lake nililibeba mimi. Utasema ningekimbia. Nikimbilie wapi, na pikipiki iko upande wake?

"Nilidanganya, Shangazi," nikasema, nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu. "Nilikuwa nawahi mpira."

Akatafuna taratibu.

"Timu yako ilishinda?"

"Ilifungwa mbili bila."

"Vizuri," akasema. "Sasa rudi uanzie pale ulipomuua. Na usiruke kitu, waitu mwanangu, nitajua."

Yale matoleo ya nyuma sikuwa nayo. Nikainua kichwa nimwambie, benchi tupu. Projest alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, mikono kiunoni.

"Umeokoka lini?" akaniuliza. "Nusu saa nzima unahubiri peke yako!"

Niliyatafuta matoleo yale Bukoba nzima, mengine nikayapata kwa muuza karanga ameshaanza kuyachana. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nakaa kando ya kaburi nasoma neno kwa neno, mpaka matangazo ya sabuni. Mke wangu amekataa kunisindikiza. Padri ameshanipa pole mara mbili. Mimi moyo wangu ulikuwa umetulia, nilikuwa nimefika mahali hata naifurahia Ijumaa.

Mpaka leo asubuhi. Nimenunua toleo jipya, nimefungua, Kapteni Sikitu amekufa. Safari hii kweli, amechorwa ukurasa mzima, na chombo kimelipuka vile vile nilivyosema mimi.

Ninyi mnaowasomea wazee wenu barua, meseji, hata karatasi za dawa, someni kilichoandikwa. Msipunguze, msiongeze. Mimi hapa nimekaa juu ya pikipiki, ufunguo mkononi, gazeti kifuani, natakiwa kuwa Kaagya saa tisa, na ninajua kabisa Shangazi hataniamini.