Msumeno Mdogo wa Shamba la Pareto

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremshwa shimoni. Nyinyi wa leo mkisikia shimo mnafikiria choo, lakini letu lilikuwa la kupasulia mbao, kule juu ya Elburgon, penye baridi ya kuuma masikio. Gogo la mtarakwa lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akapanda juu yake, mwingine akaingia chini, na msumeno mrefu ukawa unapanda na kushuka kati yao. Wa juu aliongoza mstari. Wa chini alikula unga wa mbao. Mimi, Tonui, nilikuwa wa chini, na jioni hiyo nilitema mate mekundu kwa unga huo nikadhani nimeumia ndani.

Aliyesimama juu aliitwa Wekesa, mtu wa upande wa Bungoma, aliyenizidi umri kwa mbali. Hakunionea huruma hata kidogo. "Kijana, usisukume," aliniita kutoka juu. "Wewe vuta, halafu uache mimi nivute. Ukisukuma tutakuwa tunapigana." Nilimchukia mpaka wakati wa chakula. Alasiri nilianza kufanya alivyosema, na msumeno ukawa mwepesi.

Tulifanya kazi ya shimo hadi mwenye mbao alipoleta mashine ya kupasulia, tukaachishwa sote wawili. Tukahamia shamba la pareto, juu ya Molo. Pareto ni ua jeupe la kutengenezea dawa ya wadudu, na likishachumwa lazima likaushwe haraka, la sivyo linaoza. Kulikuwa na nyumba ya kukaushia yenye trei za waya, na chini yake tanuri lisiloshiba kuni. Nyumba ya Bwana nayo ilikuwa na jiko la kuni, na pipa la kuchemshia maji ya kuoga, na mahali pa kuotea moto kila chumba. Mimi na Wekesa ndio tuliolisha midomo hiyo yote, kwa msumeno wa watu wawili na shoka.

Bwana mwenye shamba tulimwita Bwana Pole, kwa sababu hakuwa na upole wowote. Hata hivyo hakuwa tajiri. Gari lake lilifungwa mlango kwa kamba ya katani, na Memsahibu mkewe alijishonea nguo mwenyewe. Miaka hiyo ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni, jirani yake alinunua msumeno wa petroli, huu mnaouita pawaso, na sisi tukausikia ukilia ng'ambo ya bonde kutwa nzima. Bwana Pole akaja kwenye kuni zetu akasimama, mikono mfukoni.

"Mimi nunua ile mashine," alisema. "Lakini ndogo. Ya kuni tu, ya nyumba tu. Tonui, wewe kwenda Nakuru na mimi, wewe chagua."

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake ni rahisi. Misumeno ya petroli ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na mikubwa ya watu wawili, mmoja ashike upande wa injini na mwingine ashike ncha. Na kulikuwa na midogo iliyokuwa imeanza kuingia, ya mtu mmoja. Msumeno wa mtu mmoja ungemwacha Wekesa bila kazi. Na shambani kwa mzungu, asiye na kazi hakuwa na nyumba, wala kipande cha kulima viazi, wala malisho ya ng'ombe wake. Wekesa alikuwa na mke na watoto watano, na kwao alikotoka kaka zake walishagawana shamba la baba yao.

Asubuhi nilimwambia nimeamua kusifu ule mkubwa. Alikuwa anachonga kabari, vile vipande vya mti tunavyopigilia kwenye mkato ili gogo lisibane msumeno. Hakuinua kichwa.

"Ule mkubwa nimeuona kwa jirani," alisema. "Vijana wawili wenye nguvu wanaubeba kama jeneza. Mgongo wangu huu unaujua. Sasa wewe unataka kunisaidia ama unataka kunizika?"

"Mzee Wekesa, ukifukuzwa utaenda wapi?"

"Hiyo niachie mimi. Wewe chagua kitu cha kuni. Umeulizwa habari ya kuni."

Dukani Nakuru, fundi alituwekea yote miwili juu ya meza. Niseme hapa jinsi nilivyochagua, maana hata leo watu huniuliza. Kwanza niliinua. Mdogo ulikuwa mzito kama nusu debe la maji, nikaushika mbele ya kifua muda mrefu mpaka fundi akacheka. Nilifanya hivyo kwa sababu kila mtu anaweza kuinua kitu mara moja asubuhi. La kujua ni kama utaweza kukiinua jioni. Pili niliutazama ulimi, yaani ule ubao wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Kuni zetu zilikuwa za miti ya muwati na bulugamu michanga, hakuna gogo lililopita unene wa mtungi. Ulimi mrefu ungekuwa wa kukata hewa tu. Tatu niliomba nivute kamba ya kuwashia mwenyewe, injini ikiwa baridi. Mwisho nikauliza kama minyororo na tupa za kunolea zinapatikana palepale Nakuru, ama ni za kuagizwa ng'ambo. Fundi akafungua droo, zikawepo.

"Huu mdogo, Bwana," nikasema, na moyo ukaniuma nikisema.

Bwana Pole alifurahi, maana ulikuwa wa bei ya chini. Tulipopita Njoro tukirudi, akaniambia bila kunitazama, "Wekesa mwisho wa mwezi kwenda. Hii mashine ya mtu moja. Kwa nini mimi lipa mtu mbili?"

Nilishikilia ule msumeno mapajani njia nzima, nikitamani niutupe mtaroni.

Siku iliyofuata nilienda kwenye muwati peke yangu. Msumeno uliwaka vizuri, ukaingia kwenye mti kama kisu kwenye sukuma wiki. Mti wa kwanza ulianguka nilipotaka. Wa pili ulipasuka katikati, nusu ikaanguka nyuma yangu, karibu kabisa, na sikusikia chochote. Nikazima mashine. Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho dukani hakikunijia. Ukikata kwa msumeno wa mkono, mti unakuambia unapotaka kuanguka. Unalia kwanza, nawe unakimbia. Ukikata kwa injini wewe ni kiziwi, na macho yako yako kwenye mnyororo. Kumbe mashine ni ya mtu mmoja, lakini kazi si ya mtu mmoja.

Niliubeba mpaka barazani kwa Bwana nikauweka chini.

"Sitauwasha tena bila mtu wa kunitazamia," nikasema. "Na mtu huyo ni Wekesa. Anajua miti."

"Wewe ogopa?"

"Ndiyo, Bwana. Naogopa sana."

"Basi wewe pia kwenda!"

Nikatoa kofia nikaondoka. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimeona ile nusu ya mti nyuma yangu, na maneno ya Bwana hayakuwa mazito kuishinda. Wekesa alinitukana kwa Kibukusu, halafu kwa Kiswahili ili nielewe, kwamba sasa tutafukuzwa wawili badala ya mmoja. Mkewe, Mama Nasimiyu, alianza kufunga vyombo kwenye gunia.

Lakini mvua ilikuwa imeshika, pareto imelundikana, na tanuri lilikuwa linakula kuni za mwisho. Nyapara alitafuta mtu wa kushika mashine, kila aliyeitwa akawa mgonjwa. Ndipo Bwana Pole akauchukua msumeno mwenyewe, akaenda kwenye muwati. Sisi tulikuwa tunachungulia kwenye ua. Memsahibu akatoka nyumbani na buti zake, akamfuata, akasimama mahali pa kumwona. Bwana akazima injini, akampigia kelele arudi nyumbani. Hakurudi. Akawasha tena, akatazama nyuma, yule mama bado amesimama kwenye mvua, mkono mdomoni. Bwana alikata mti mmoja tu. Akarudi akiwa amenuna, akapita mbele yetu.

"Tonui kaa, Wekesa kaa," alisema. "Lakini mimi hapana lipa mtu kutazama. Yeye pasua kuni, yeye noa mnyororo."

Mama Nasimiyu akamwaga vyombo kutoka kwenye gunia hapohapo, sufuria zikigongana, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Tukafanya kazi hivyo. Nikikata, Wekesa alisimama kando na ufito mrefu wa muwati, macho juu. Akinigusa bega nao, nakimbia bila kuuliza. Mti ukishalala, anapasua, na jioni ananoa, kila jino la mnyororo kwa tupa, mapigo sawa kwa sawa. Bwana Pole kila akipita hakukosa neno. "Wekesa, leo iko okoa Tonui?" Na Wekesa humjibu, "Bado, Bwana."

Tangu nistaafu, watu wa hapa Rhonda, mtaani Nakuru, na hata wa Njoro huja kuniuliza wanunue msumeno gani wa nyumbani. Nawaambia mdogo, unaoweza kuuinua jioni, wenye vipuri karibu. Wanashukuru. Nikiwauliza ni nani atakayesimama pembeni, wananitazama kama mzee aliyepotewa na akili.

Bwana Pole alipouza shamba lile arudi kwao, alikuja kutuaga kwenye kuni. Mimi nilikuwa na vidole vyangu vyote kumi, na watoto wa Wekesa walikuwa wamekulia palepale. Akampa mkono, akamdhihaki mara ya mwisho.

"Wekesa, miaka yote mimi lipa wewe. Hata siku moja hapana okoa huyu mtu."

"Hata siku moja, Bwana," alisema Wekesa, na akatabasamu kama mtu aliyesifiwa.