Kikohozi Katikati ya Sala

Kinyozi wa mtaa wetu tulimwita Mzee Taratibu, na jina hilo hakupewa na adui. Alianza kwa mkasi, akafuata kwa mashine, akamalizia kwa wembe nyuma ya masikio na kisogoni. Kisha alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kichwa kwa makini, na kuanza upya mahali ambapo sisi wengine hatukuona kasoro yoyote. Waliokuwa kwenye benchi la kusubiri hawakukosa la kusema.

"Mzee, mimi niliingia humu kijana," dereva mmoja wa lori alizoea kulalamika. "Ukinifikia nitakuwa nimeota mvi."

"Mvi nazo hunyolewa, mwanangu. Kaa utulie."

"Na nikifia hapa hapa?"

"Nitakunyoa vizuri zaidi. Hutakuwa ukitikisika."

Alikuwa mzee wa kanisa, wala hakuwa mzee wa jina tu. Kila ilipokaribia Pasaka alitia vifaa vyake katika beseni, akazunguka kwenye nyumba za wagonjwa na vikongwe wasioweza kutembea, akawanyoa bila kudai chochote. Mteja aliyetukana mbele yake alionyeshwa mlango kwa upole, hata kama nusu ya kichwa ilikuwa bado ina nywele. Na ukimwuliza atawarithisha nini watoto wake, jibu lake lilikuwa tayari: "Shamba sina. Nyumba ya kupangisha sina. Watoto wangu nitawaachia sala."

Hakuwa akitania. Nyumbani kwake, baada ya chakula cha jioni, sahani ziliondolewa, meza ikafutwa, redio ikazimwa, na kila mmoja akakaa mahali pake. Mkewe alianzisha wimbo, mtoto mmoja akasoma Neno, baba akaomba, kisha wote kwa pamoja wakasema Sala ya Bwana. Mgeni akifika saa hiyo, naye alivutiwa kiti. Mtihani wa kesho haukuwa udhuru, wala mafua, wala usingizi. Watoto watatu walikulia mezani pale, na mimi niliyewafundisha darasani nashuhudia kwamba walikuwa watoto wa adabu, wasiosema uongo, wasiogusa cha mtu.

Sasa niueleze ugomvi, nao ni mdogo hata kuusimulia ni aibu.

Kinyozi alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, fundi viatu mwenye kibanda katika mtaa uleule, hatua chache kupita nguzo ya umeme. Huyu alikuwa mtu wa maskhara, asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Siku washarika walipokutana kuchagua wazee wa kanisa, jina la kinyozi lilipotajwa, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Fundi viatu akasimama.

"Kaka yangu ni mtu mwema," alisema. "Ana kasoro moja tu: akikosewa, hasahau. Mchagueni, lakini mumwombee."

Watu walicheka. Kinyozi alichaguliwa kwa mikono yote, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa ni huyo mdogo wake. Mzee Taratibu naye alitabasamu. Lakini neno lile lilimwingia kama unywele uliodondokea ndani ya kola ya shati: ni mdogo, hauonekani, na hauachi kuchoma.

Wiki iliyofuata fundi viatu alikuja kunyolewa kama kawaida yake. Benchini palikuwa na mtu mmoja tu.

"Kaka, nimefika. Nitengeneze, shemeji yako amesema nimekuwa kama kichaka."

"Leo watu ni wengi."

Mdogo mtu alilitazama benchi, akamtazama kaka yake, akacheka. Alidhani ni mzaha wa kulipizia mzaha. Alirudi tena, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu hakurudi. Akapata kinyozi mwingine, mbali, upande wa sokoni. Hapakuwa na kelele wala kikao cha ukoo. Sisi majirani tuliukumbuka usemi kwamba ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, tukaenda zetu kulima. Tulilima miaka na miaka. Siku ya kushika kapu ukavune haikufika.

Kinyozi hakumsema vibaya ndugu yake hata mara moja. Hili ndilo alilojivunia, akaliona kuwa ni ushindi. Alichofanya kilikuwa kidogo tu. Alipokuwa akienda kanisani na watoto wake, akifika kwenye nguzo ya umeme aliwashika mikono na kuvuka barabara, akapita ng'ambo, kisha akavuka tena mbele kibanda kikishapitwa.

"Baba, kwa nini tunavukia hapa?" aliuliza siku moja mtoto wake wa kwanza.

"Upande ule una vumbi."

Mtoto alitazama. Vumbi lilikuwa pande zote mbili.

Na jioni, mezani, kulikuwa na jambo la pili. Katika Sala ya Bwana pana mahali tunapoomba tusamehewe kwa kipimo kilekile tunachowasamehea waliotukosea. Kinyozi alikuwa mcha Mungu wa kweli, na kwa sababu hiyo mahali pale palimtia hofu. Hakutaka kumwambia Mungu uongo, na hakutaka kumtii, akakohoa. Kikohozi kifupi, cha heshima, ndani ya ngumi, kilichochukua urefu wa maneno yale hasa. Baada yake alijiunga na wenzake kwenye majaribu na yule mwovu, sauti ikiwa safi kabisa.

Mkewe hakuwa mjinga. "Hicho kifua chako kinauma mahali pamoja tu pa sala," alimwambia siku moja akikung'uta kitambaa cha meza. "Nenda kwa mdogo wako, baba watoto, upone."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Taratibu, mama. Mambo haya hayataki haraka."

Yule mama alifariki dunia kabla taratibu hiyo haijafika mwisho wake.

Miaka ilikwenda. Mtoto wa kwanza akawa fundi umeme, akaoa, akapata binti, akabaki kuishi na baba yake. Fundi viatu naye alizeeka, akamwachia mwanawe kibanda, kisha akaugua, akawa wa kitandani.

Ikawa siku ya Jumamosi, siku ambayo chumba cha kinyozi hujaa kwa sababu kila mtu anataka kwenda ibadani kesho yake akiwa nadhifu. Mtoto wa fundi viatu alisimama kizingitini. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amefika hapo tangu ugomvi uanze.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Baba hajiwezi. Ndevu zimemzidi, na anasema hataki mkono mwingine ila wako. Anaomba uje leo."

Yule dereva wa lori, ambaye wakati huo alikuwa na mvi kweli, alijiinua kitini na kitambaa kikiwa shingoni. "Nenda, mzee. Sisi tutasubiri. Si ndiyo kazi yetu humu?"

Kinyozi aliupangusa wembe mara mbili, ingawa ulikuwa mkavu.

"Mwambie nitakuja kesho, baada ya ibada."

Baadaye, nikiwa nimekaa katika kiti kilekile, aliniambia mwenyewe kwamba hakuzuiwa na wateja. "Nilitaka asubiri kidogo, mwalimu. Miaka yote mimi nilikuwa nikisubiri aje aniambie pole. Nikaona naye aonje."

Kesho yake baada ya ibada kulikuwa na kikao cha wazee kuhusu kupaka rangi paa la kanisa. Angeweza kuomba ruhusa; hakuomba. Walikuwa bado wanabishana juu ya rangi nyekundu na kijani wakati mlinzi alipoingia kuwaambia kwamba fundi viatu amefariki.

Siku ya maziko jeneza liliwekwa wazi, na kinyozi alipita mbele yake kama wengine. Mtoto alikuwa amemnyoa baba yake kwa mikono yake mwenyewe, mikono iliyozoea kukata soli, na chini ya kidevu palikuwa na mkato mdogo usiotoka damu. Kinyozi alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kumgusa bega. Alikuwa amenyoa vichwa vya mtaa mzima bila kumkwaruza mtu. Kidevu kimoja tu kilimwomba, nacho akakiacha kikatwe.

Jioni ile nyumbani aliwakusanya mezani. Alikuwa ameazimia. Sahani ziliondolewa, meza ikafutwa, wimbo ukaimbwa, naye akaomba kwa kifupi kuliko kawaida. Walipoanza Sala ya Bwana alikuwa tayari akiitayarisha sauti yake kwa ajili ya maneno ambayo hakuwa ameyatamka nyumbani humo kwa muda wa kizazi kizima. Akafika mahali pale, akayatamka, yote, kwa sauti.

Akajikuta peke yake. Mwanawe alikuwa amekohoa ndani ya ngumi. Mkwewe alikuwa amekohoa, kikohozi kifupi cha heshima, kwa kuwa ndivyo alivyoikuta sala katika nyumba aliyoolewa. Mjukuu wake alikuwa amekohoa, ngumi ndogo mdomoni. Kisha wote wakaingia pamoja kwenye majaribu na yule mwovu.

Sala ilipokwisha, mtoto alimvuta mkono. "Babu, leo umesahau kukohoa."

Aliwaomba wakae. Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulijua kwamba si sehemu ya sala?"

"Nilijua, baba. Tangu nikiwa mdogo nilijua, na nilijua ni kwa ajili ya nani." Fundi umeme hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja nyaya zinapopita ukutani. "Lakini nikifika pale koo lenyewe linajikaza. Sijui kuisali vingine."

Hivyo ndivyo kinyozi alivyouona urithi wake. Alikuwa ameahidi kuwaachia sala, na ahadi aliitimiza. Waliipokea nzima, pamoja na tundu lake.

Tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani: kwamba watoto wake na watoto wa ndugu yake wasizike mioyo yao mahali alipozika wake. Jumamosi iliyofuata alifunga chumba, akatia vifaa ndani ya beseni, akaenda nyumbani kwa marehemu. Mjane alimkaribisha na kumpa chai. Mtoto wa marehemu alisimama ukumbini.

"Baba yangu alipenda mkono wangu," kinyozi alianza, akajikwaa, akaanza tena. "Mdogo wangu alipenda mkono wangu. Nimekuja, kama utakubali, nikunyoe wewe."

"Asante, baba mkubwa. Kichwa kilichokuhitaji tumeshakizika."

Hakuna tusi lililosemwa. Kijana aliaga kwa adabu zote na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Akarudi kwa mwanawe. "Twende wote," alimsihi. "Mimi ndiye niliyewakosea wao. Ninyi hamna ugomvi nao."

"Baba, ulinishika mkono ukanivusha kila Jumapili. Leo unataka nivuke kurudi, na mkono wenyewe hauna nguvu tena. Nenda wewe. Mimi sikukatazi."

"Ninakuomba."

"Nimesikia, baba. Taratibu."

Kinyozi aliniambia kwamba neno hilo, likitoka kinywani mwa mwanawe, lilimwuma kuliko mlango wa nyuma.

Aliendelea kwenda. Kila Jumamosi wateja walikuta mlango umefungwa saa za mchana, na hawakulalamika. Alikaa ukumbini kwa mjane, beseni miguuni, chai ikapoa, kijana hakutokea. Wakati mwingine alimchukua mjukuu wake. Mara ya kwanza mtoto alifika kwenye nguzo ya umeme akageuka mwenyewe kuvuka, kama baba yake alivyomzoeza. Babu akamshikilia, wakapita moja kwa moja mbele ya kibanda, na babu akamfundisha kusalimia. Na jioni, mezani, alimfundisha yale maneno, polepole, kama anavyofundishwa mtoto wimbo mgeni. Binti aliyashika. Wazazi wake waliendelea kukohoa.

Mzee Taratibu naye amekwisha kufa. Kabla ya maziko mwanawe alijaribu kumnyoa, akashindwa, akamtafuta kinyozi upande wa sokoni. Mtoto wa fundi viatu alikuja mazikoni, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya watu kukaa.

Chumba cha kinyozi sasa kimepangishwa, na mimi hukaa asubuhi kwenye kibaraza kinachotazamana na nguzo ile. Fundi umeme humpeleka binti yake shuleni. Wakifika kwenye nguzo, baba huvuka. Hajui tena kwamba anavuka. Miguu yake inajua. Binti haendi naye. Hupita moja kwa moja kando ya kibanda na kusema, "Shikamoo, baba mdogo," na mwenye kibanda, bila kuinua uso kutoka kwenye kiatu alichokishika, siku nyingine huitikia na siku nyingine hugonga msumari.

Mbele kidogo, barabara inapopinda, baba humsubiri. Hamwulizi kitu. Humshika mkono, wakaendelea.